Habari za Ng'ombe wa Minofu Maradufu

Katika nchi za Ulaya ya magharibi wako ng'ombe ambao mtu awaonapo mara ya kwanza hudhani wamevimba kwa maradhi. Mgongo wao una mfereji katikati, kama kijito kipitacho kati ya vilima viwili. Mabega yamejaa, na mapaja ya nyuma yamefura yakatokeza nje hata mkia waonekana umebanwa ndani yake. Ngozi yao ni nyembamba, na chini yake kila mnofu waonekana umejitenga na mwenziwe, kama kwamba mnyama amekwisha kuchunwa angali akitembea. Hao ndio waitwao ng'ombe wa minofu maradufu. Jina hilo si kweli kabisa, maana ukiwahesabu hutakuta mnofu hata mmoja uliozidi: palipo na mmoja kwa ng'ombe wa kawaida pana mmoja kwao pia. Lakini kila mmoja ni mnene kupita kiasi, na sababu yake tutaieleza mahali pake.

Wenye kufuga miongoni mwetu husikia sifa za mafahali wa Ulaya wenye nyama nyingi, nazo sifa huenda mbio kuliko habari kamili. Nyama ile ina bei yake, na anayeilipa kwanza si mnunuzi sokoni, bali ni ng'ombe jike siku ya kuzaa. Kwa hiyo twaona yafaa kuzieleza habari hizi tangu zilipoanza kuandikwa vitabuni.

Kaskazini ya Uingereza uko mto uitwao Tees, na kandokando yake tangu zamani walikaa wafugaji hodari. Bwana mmoja, George Culley, mkulima mwenye maarifa mengi, alitunga kitabu juu ya wanyama wa kufugwa, kikachapwa mara ya kwanza mwaka 1786, kisha kikachapwa tena na tena. Chapa ya mwaka 1807 ndiyo itajwayo sana na wataalamu, kwa kuwa ndani yake wameona habari ya kale ya ng'ombe hawa. Culley asimulia kwamba mtu mmoja alivuka bahari akaenda Uholanzi kununua mafahali, naye alijua kazi yake, na kundi la nchi ile likapata faida. Baada yake wakaenda wengine wasio na ujuzi kama wake, wakarudi na mafahali waliozaa ng'ombe wa kuchukiza. Hao walikua wakawa wazito sana, walakini hata ukiwalisha muda gani hukupata ratili moja ya mafuta, wala ndani ya mwili wala nje. Na nyama yao ilikuwa nyeusi na ya nyuzi nene kama ya farasi. Culley aliona hata jina la nyama ya ng'ombe halikuwastahili.

Huenda msomaji akastaajabu. Mnyama mwenye nyama tele isiyo na mafuta, mbona achukiwe? Jibu ni kwamba siku zile mafuta yalikuwa mali. Mishumaa ya watu wengi ilitengenezwa kwa shahamu ya ng'ombe na kondoo, na sabuni vivyo hivyo. Na mtu afanyaye kazi ya jembe tangu alfajiri katika baridi alitaka chakula chenye mafuta. Katika bonde lile lile la Tees, mwaka 1796, katika shamba la Charles Colling huko Ketton, alizaliwa maksai aliyepata kuitwa Maksai wa Durham. Alinenepeshwa hata uzito wake ukapita kilo 1,000, akawekwa katika gari la kukokotwa na farasi, akazungushwa Uingereza na Uskoti kwa muda wa karibu miaka sita, na watu wakalipa kiingilio ili wamtazame. Mwaka 1807 aliteguka nyonga, akachinjwa. Hebu tazama ajabu hii: mwaka ule ule alipokufa maksai aliyesifiwa kwa unene wa mafuta, kitabu cha Culley kilikuwa kikiwashutumu ng'ombe wa jirani zake kwa kukosa mafuta. Mnyama hakuwa na kosa. Alikuja kabla ya wakati wake.

Sasa natutazame mwili wenyewe. Mnofu ni kama kamba ya katani: ukiufumua utaona umefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizolala pamoja. Ng'ombe wa kawaida huzaliwa na hesabu fulani ya nyuzi hizo. Baada ya kuzaliwa nyuzi hunenepa, lakini hesabu yake haiongezeki sana. Basi ndama wa minofu maradufu, angali tumboni mwa mama yake, hufanyiziwa nyuzi nyingi zaidi, na katika baadhi ya minofu zakaribia kuwa mara mbili ya zile za ndama wa kawaida. Atakapokua, uzito wake wote hautapita sana uzito wa wenziwe, na pengine hautapita hata kidogo. Tofauti ni jinsi uzito huo ulivyogawanyika: nyama huzidi kwa kadiri ya sehemu 20 katika 100, na mifupa na mafuta hupungua. Mchinjaji wa Ulaya akimchinja ng'ombe wa nyama wa kawaida, akaondoa kichwa, ngozi, miguu na matumbo, hubakiwa na kilo 55 mpaka 60 kwa kila kilo 100 za mnyama hai. Kwa ng'ombe hawa hupata hata kilo 70. Tena nyama yenyewe ni laini, kwa kuwa tando zishikazo nyuzi pamoja ni chache. Hapo ndipo shutuma ya Culley juu ya nyama ngumu isipokubaliana na waonjaji wa siku hizi.

Lakini mwili ni kama nyumba yenye akiba moja ya chakula: kikizidi chumba kimoja, kingine hupungukiwa. Moyo, mapafu, ini na matumbo ya ng'ombe hawa ni madogo kwa kulinganisha na nyama iliyo juu yake. Kwa hiyo hawali majani mengi kwa wakati mmoja, hutaka chakula kizuri chenye nguvu, huchoka upesi wakikimbizwa au wakipandishwa mlima, na joto huwashinda. Maziwa yao ni haba. Mwenye kuchunga katika nchi ya jua kali, ambako ng'ombe huenda mwendo mrefu kutafuta maji, na alitie neno hili moyoni kabla hajatamani fahali kwa kumwona katika picha.

Ukubwa wenyewe wapitaje kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto? Jambo hili liliwasumbua wafugaji miaka mingi, maana ng'ombe wawili wa sura ya kawaida waliweza kupata ndama wa minofu maradufu ghafula, na majirani wakanong'ona. Ufunguo ulipatikana katika bustani ya watawa katika mji wa Brno, ambako mtawa Gregor Mendel alipanda njegere miaka mingi, akahesabu vizazi vyake, akachapisha matokeo mwaka 1866. Watu hawakumsikiliza hata mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa. Mendel alifundisha kwamba kila kiumbe hupokea kwa kila jambo hati mbili za urithi, moja ya baba na moja ya mama, naye humpa mtoto wake moja tu katika hizo mbili. Kwa ng'ombe wetu hawa, hati ya minofu mikubwa hujificha ikikaa pamoja na hati ya kawaida. Mwenye hati moja ya namna hiyo huzidi nyama kidogo tu, na jicho lisilozoea halimtambui. Ukimpandisha fahali wa namna hiyo kwa jike wa namna hiyo, katika ndama wanne hutazamiwa mmoja awe wa minofu maradufu, wawili wawe wachukuzi wa siri kama wazazi wao, na mmoja awe wa kawaida kabisa. Wala si kwamba kila wanne watagawanyika hivyo. Ni hesabu ya ndama wengi, kama vile nyumba moja iwezavyo kuzaa wana wa kiume watupu, ingawa katika nchi nzima wavulana na wasichana hulingana. Bali ukiwapandisha wawili wenye hati mbili mbili, ndama wote watakuwa wa minofu maradufu, pasipo kukosa.

Sasa twende Italia, katika jimbo la Piedmont, chini ya milima ya Alpi. Wakulima wa huko walikuwa na ng'ombe weupe wa kazi tatu: kulima, kukamuliwa na kuliwa. Mwaka 1886, katika kijiji cha Guarene karibu na mji wa Alba, alionekana fahali mwenye matako mapana ya mviringo, ambayo watu waliyafananisha na matako ya farasi. Zamani zile zilikuwa zimebadilika. Taa za mafuta ya ardhini na za gesi zilikuwa zikiishinda mishumaa ya shahamu, na watu wa mijini walianza kupenda nyama isiyo na mafuta. Zaidi ya hayo watu wa Piedmont wana desturi ya kula nyama mbichi iliyokatwakatwa vipande vidogo sana, nayo kwa chakula hicho lazima iwe laini na safi. Basi lililokuwa aibu kando ya Tees lilitafutwa kwa bidii karibu na Alba, na uzao wa namna ya fahali yule ukaenea katika jimbo. Tangu mwaka 1910 katika mji mdogo wa Carrù hufanywa kila mwezi wa Desemba mnada wa maksai wanono, na watu hutoka mbali kuwatazama.

Habari kubwa zaidi ni ya Ubelgiji, nasi tutakaa hapo kidogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wabelgiji waliwaleta mafahali Shorthorn kutoka Uingereza, wa ukoo ule uliotokea katika bonde la Tees, wakawapandisha kwa ng'ombe wao wa mabaka. Wakapatikana ng'ombe wakubwa weupe, wenye mabaka ya rangi ya buluu au nyeusi, waliotoa maziwa na nyama pia. Kwa muda mrefu wafugaji walitaka yote mawili. Mara kwa mara alizaliwa ndama mwenye matako makubwa, na mama yake akateseka, pengine akafa. Mchinjaji alifurahi, lakini mwenye zizi alihesabu hasara.

Yeyote aliyewahi kukesha zizini ajua jinsi ndama wa ng'ombe atokavyo: kwanza kwato za mbele na pua, kisha kichwa, kisha mabega, na mwisho nyonga. Mifupa ya nyonga ya mama ni mlango wa duara usiotanuka ila kidogo. Ndama wa Ubelgiji wa minofu maradufu huzaliwa akiwa na kilo 45 mpaka 50 hivi, wala uzito huo peke yake si wa kutisha kwa jike mkubwa. Taabu ni upana wa mabega na wa mapaja. Kichwa chaweza kutoka, na watu wakashangilia, kumbe mabega au nyonga zimekwama. Watu wakivuta kwa kamba kwa nguvu zote, ndama hukosa pumzi akafa, au mshipa wa fahamu upitao ndani ya nyonga ya mama huumia naye asiweze kusimama tena. Na mama akiwa mwenyewe ni wa minofu maradufu, shida ni mbili, maana nyama imemjaa na mlango wa nyonga yake ni mwembamba kuliko wa jike wa kawaida.

Kwa hiyo twaweza kusema mlango wa uzazi ulikuwa chekecheke. Kila kizazi ulizuia hati ile ya urithi isienee, kwa kuwa ndama wengi waliokuwa nayo mara mbili walikufa pamoja na mama zao. Chekecheke hiyo ilifanya kazi bila huruma, lakini ilifanya kazi.

Baada ya vita vya pili vya dunia mambo matatu yalikutana Ubelgiji. La kwanza ni bei: watu walipata fedha, wakataka nyama nyekundu bila mafuta, na wachinjaji wakamlipa vizuri zaidi mwenye kuleta ng'ombe wa matako makubwa. La pili ni kutia mbegu kwa chombo, ambako fahali mmoja aliyechaguliwa aliweza kuwa baba wa ndama maelfu katika vijiji asivyovikanyaga. La tatu, na sisi twaona ndilo lililo kubwa kuliko yote, ni kisu cha daktari wa mifugo. Kupasua ng'ombe ili kumtoa ndama kulijulikana tangu zamani, lakini wengi walikufa kwa kidonda kuoza. Zilipopatikana dawa ya ganzi na dawa za kuua vijidudu kama penisilini, kazi hiyo ikawa salama, na madaktari wa Ubelgiji wakaizoea kuliko wenziwao wa nchi nyingine.

Hufanywa hivi. Jike husimama amefungwa zizini, wala halazwi. Ubavu wake wa kushoto hunyolewa, huoshwa na kutiwa ganzi. Huchaguliwa ubavu wa kushoto kwa sababu upande huo limekaa tumbo kubwa la majani, nalo huzuia matumbo mengine yasimwagike nje. Daktari hupasua ngozi na nyama kwa wima, hupeleka mkono ndani, huusogeza mji wa mimba karibu na tundu, huupasua, na wasaidizi humwinua ndama kwa miguu ya nyuma au ya mbele. Kisha mji hushonwa, na nyama, na ngozi, kila tabaka kwa uzi wake. Kazi yote yaweza kwisha katika muda wa saa moja, na aghalabu jike huonekana akitafuna majani muda si mrefu baadaye.

Mbele ya kisu hicho chekecheke ya zamani ikatobolewa ubavuni. Ndama ambaye asingepita mlangoni alipita dirishani. Katika miaka ya 1950 na 1960 wafugaji walichagua fahali wa matako makubwa juu ya fahali wa matako makubwa, na mwaka 1973 kitabu cha ukoo kiliwatenga wa nyama mbali na wale waliobaki na kazi mbili za maziwa na nyama. Mwaka 1985 wataalamu Hanset na Michaux wa chuo kikuu cha Liège walionyesha kwa hesabu za vizazi kwamba umbo lile hutegemea hati moja tu ya urithi, kama alivyofundisha Mendel. Wakati huo karibu kundi zima la nyama lilikuwa nayo mara mbili. Leo, katika kila ndama 100 wa ng'ombe Buluu wa Ubelgiji wa ukoo safi, zaidi ya 90 huzaliwa kwa kupasuliwa mama. Daktari haitwi tena kwa sababu ya hatari. Huandikwa katika hesabu ya shamba kama chakula na chumvi.

Jambo moja katika habari hiyo halionekani upesi. Ikiwa kila jike hupasuliwa, hakuna ajuaye ni yupi angeweza kuzaa mwenyewe. Mwenye nyonga pana na mwenye nyonga nyembamba huachwa sawasawa, na wembamba huenda kwa binti na kwa mjukuu. Kisu kilikuja kuiponya shida, kisha kikaikuza. Wala jike hapasuliwi mara moja katika maisha yake. Kila azaapo hupasuliwa upya, na makovu ya ndani hushikamana hata kazi ya mara ya tatu au ya nne ikawa ngumu kuliko ya kwanza. Na ndama naye si salama kabisa. Wengine huzaliwa na ulimi mnene wasioweza kunyonya nao, wengine taya fupi, wengine miguu iliyokakamaa, na pumzi huwasumbua wengi kuliko ndama wa makabila mengine ya ng'ombe.

Siri ya ndani ya hati ile ilifunuliwa mwaka 1997, nayo haikuanza kwa ng'ombe bali kwa panya. Katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore huko Marekani, Alexandra McPherron na Se-Jin Lee pamoja na mwenzao walikuwa wakichunguza protini moja ya mwilini ambayo kazi yake haikujulikana. Waliiharibu hati yake kwa panya, wakangoja waone panya atapungukiwa na nini. Hakupungukiwa, alikuwa na minofu mara mbili hata tatu ya panya mwingine. Wakaipa protini hiyo jina la mayostatini, yaani kitu kizuiacho minofu. Ni kama hatamu mkononi mwa mpanda farasi: hatamu ikikatika, farasi huenda apendavyo.

Wenye kujua habari za ng'ombe walifahamu mara moja. Huko Liège, Michel Georges na Luc Grobet na wenzao walikuwa wamekwisha kupata, mwaka 1995, kwamba hati ya minofu maradufu imekaa katika kromosomu ya pili ya ng'ombe. Sasa walijua watafute neno gani. Kabla ya mwaka 1997 kwisha, wao, na wale wa Baltimore, na wengine wa New Zealand, wote walileta jibu moja. Kwa ng'ombe Buluu wa Ubelgiji maandishi ya mayostatini yamepungukiwa na herufi 11. Nayo maandishi ya urithi husomwa herufi tatu tatu. Kumi na moja haigawanyiki kwa tatu; kwa hiyo baada ya pengo lile kila fungu limesogea, maneno yamekuwa upuzi, na mbele kidogo msomaji akuta alama ya kusimama kabla ya wakati wake. Protini haikamiliki, wala hatamu haipo. Kwa ng'ombe wa Piedmont kosa ni jingine kabisa: hakuna herufi iliyopotea, ila moja imebadilika, na tofali moja la protini limewekwa badala ya jingine, ikakosa umbo la kufanya kazi. Basi fahali wa Guarene na ng'ombe wa Ubelgiji hawakuwa ndugu katika jambo hili. Njia mbili zilifika mahali pamoja. Lakini pengo lile la herufi 11 limeonekana pia kwa ng'ombe wa Asturias katika Hispania, na kwa Parthenaise wa Ufaransa, na kwa South Devon wa Uingereza, na wengi hufikiri kwamba lilienezwa na mzee mmoja wa kale ambaye uzao wake ulisafiri na wafanya biashara ya mifugo.

Mwaka 2009 lilitokea jambo jingine la kufikirisha. Katika Ubelgiji walikuwa wakizaliwa ndama wenye mkia uliopinda, wengine wakadumaa. Wataalamu wa Liège walitafuta hati yenye kosa, wakaiona. Halafu wakashangaa kukuta kwamba kiasi cha robo ya kundi walikuwa wachukuzi wake wa siri. Kosa baya laeneaje namna hiyo? Kumbe mwenye hati moja ya mkia uliopinda huonekana na minofu iliyojaa zaidi kidogo, na wafugaji, wakichagua kwa macho yao fahali aliye mnene kuliko wenziwe, walikuwa wakimchagua mchukuzi pasipo kujua. Jicho liliona nyama, lisione kilichofichwa nyuma ya nyama.

Nchi nyingine hazikupendezwa. Uswidi ilikuwa na sheria ya kuzuia uzalishaji uwezao kuwatesa wanyama, na wafugaji waliotumia mbegu za Ubelgiji bila ruhusa wakashtakiwa. Kesi ilifika katika mahakama ya Jumuiya ya Ulaya huko Luxembourg, nayo mwaka 1998 ikaamua kwamba mbegu iliyokubaliwa katika nchi moja mwanachama haiwezi kukatazwa hivyo katika nchi nyingine. Wabelgiji hutetea kwamba jike aliyetiwa ganzi na kupasuliwa kwa utaratibu huumia kuliko hapo kidogo tu, akilinganishwa na yule avutwaye kwa kamba usiku kucha. Sisi twaona neno hilo ni kweli kwa jike mmoja aliyekwama usiku mmoja. Kwa kabila zima la ng'ombe twaona halitoshi, maana aliyekwama alikwamishwa na chaguo la watu waliotangulia.

Wako watumiao nyama ile bila kisu. Katika Uingereza, Ireland na Uholanzi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huwatia majike wao mbegu ya fahali Buluu. Jike wa maziwa ana nyonga pana, na ndama hupata hati moja tu, basi wengi huzaliwa salama na huuzwa kwa bei nzuri kuliko ndama wa maziwa mtupu. Wengi wa ndama hao huchinjwa, hawafanywi wazazi, na kwao taabu haiendi kizazi cha pili.

Na wako wa Piedmont. Ng'ombe wa huko leo karibu wote wana hati mbili za minofu maradufu, kama walivyo wa Ubelgiji, ijapokuwa minofu yao haikusukumwa mbali kama ya wale. Walakini wengi wao huzaa wenyewe zizini, bila kupasuliwa. Sababu ni kwamba wafugaji wao hawakuliacha swali la kuzaa mikononi mwa daktari. Katika Carrù, mji ule ule wa mnada wa maksai, pana kituo ambako mafahali wachanga huletwa kupimwa. Huko hutazamwa jinsi fahali anavyokua na jinsi mapaja yake yalivyojaa, kisha huandikwa habari za ndama wake: ni wangapi walitoka bila msaada, wangapi kwa kuvutwa, wangapi kwa kisu. Binti zake nao hungojwa hata wazae, na kuzaa kwao huandikwa katika hesabu ya baba yao.